Thamani ya Nafasi Tupu: Tajriba ya Mwanafunzi wa Ushairi katika Nyaraka za Programu ya Uhasibu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tulipokuwa shuleni tuliikariri methali hii na kuifafanua katika insha, tukahitimisha kwamba mwenye mali akishapata daftari basi amesalimika. Tajriba niliyoipata miaka ya karibuni katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, imenionyesha kwamba methali hiyo ina sehemu ya pili isiyotamkwa: daftari nalo lina kanuni zake za kuandikwa, na anayewafunza wengine kanuni hizo huwa amebeba amana ya watu asiowajua. Katika makala haya nakusudia kusimulia jinsi mimi, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, nilivyojikuta nikisafisha mpangilio wa vipande vya msimbo katika nyaraka za programu huria ya uhasibu. Kwa mtazamo wangu, kazi hiyo ni tawi la uhariri wa matini, na msomi wa Kiswahili anaweza kuifanya bila kuazima heshima ya fani nyingine.

Msomaji asiyeifahamu Eastlands huenda akaijua kwa Sheng' na kwa matatu zake zilizopambwa kwa rangi. Wenyeji tunaijua pia kwa vyama vya kuweka na kukopeshana. Kuanzia Kaloleni na Maringo, karibu na Barabara ya Jogoo, hadi Umoja, Kayole na Dandora, karo, kodi ya nyumba na mtaji wa biashara ndogondogo hutegemea vyama hivi. Aghalabu havina afisi. Hukutana sebuleni mwa mwanachama Jumamosi au Jumapili alasiri, chai ikichemka, mweka hazina akiwa na kauntabuku na kalamu mbili, ya buluu ya kuandikia na nyekundu ya kupigia mstari. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, michango mingi hutumwa kwa simu, lakini kauntabuku haikuondoka. Ujumbe wa simu hueleza kwamba fedha zimeingia. Hauelezi kama zimeingia kwa ajili ya mchango, kwa kulipa mkopo, au kwa faini ya kuchelewa kufika mkutanoni. Ufafanuzi huo ndio kazi ya mweka hazina, na ndio unaomletea ama heshima ama lawama. Mtaani kwetu mtu aweza kusamehewa deni. Kusamehewa daftari lisiloeleweka ni vigumu zaidi.

Shangazi yangu amekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani Maringo kwa miaka mingi. Mapema mwaka wa 2024 mwanawe, ambaye husomea tarakilishi katika chuo kimoja cha ufundi, alimshawishi ahamishe hesabu kutoka kwenye kauntabuku hadi kwenye tarakilishi kuukuu iliyokuwa nyumbani. Alichagua mojawapo ya programu huria zinazotunza hesabu katika faili la maandishi matupu. Programu iliyotangulia katika mtindo huu ni Ledger, iliyoanzishwa na John Wiegley mwaka wa 2003. Mwaka wa 2007 Simon Michael akaanzisha hledger, inayofuata misingi iyo hiyo. Hoja ya binamu yangu ilikuwa na mashiko. Faili la maandishi hufunguka katika tarakilishi yoyote, halihitaji intaneti, halidai ada ya kila mwaka, na hata programu yenyewe ikitoweka, maandishi yatabaki yakisomeka kama yanavyosomeka katika kauntabuku.

Katika programu hizi kila muamala huandikwa kwa mistari kadhaa. Mstari wa kwanza hubeba tarehe na maelezo. Mistari inayofuata husogezwa ndani kidogo, na kila mmoja hutaja akaunti pamoja na kiasi. Msingi wake ni kanuni kongwe ya uhasibu ambayo Luca Pacioli aliichapisha mjini Venice mwaka wa 1494: kila fedha huandikwa mara mbili, ilikotoka na ilikoingia, na pande hizo mbili zikijumlishwa sharti zifutane ziwe sufuri. Kwa hiyo mchango wa shilingi 500 huandikwa hivi:

    2024-03-02 Mchango wa Jumamosi
        Mali:Sanduku la Chama  500
        Mapato:Michango       -500

Naomba msomaji autazame tena mstari wa pili. Jina la akaunti hii, Sanduku la Chama, lina nafasi ndani yake. Maadamu majina yanaruhusiwa kuwa na nafasi, programu haiwezi kuichukulia nafasi moja kuwa ndio mwisho wa jina. Ndiyo maana ikawekwa kanuni kwamba baina ya jina la akaunti na kiasi sharti pawe na nafasi mbili au zaidi. Nafasi moja ni sehemu ya jina. Nafasi mbili ni mpaka. Sasa autazame mfano wa pili:

    2024-03-02 Mchango wa Jumamosi
        Mali:Sanduku la Chama 500
        Mapato:Michango      -500

Kwa jicho la mpita njia mifano hii miwili ni mamoja. Kwa programu ni miamala miwili tofauti. Katika mfano wa pili, programu husoma "Sanduku la Chama 500" kama jina kamili la akaunti ambayo haikuandikiwa kiasi chochote. Isitoshe, programu hizi humruhusu mwandishi kuacha mstari mmoja wa muamala bila kiasi, nazo hukokotoa kiasi hicho kutokana na mistari mingine. Hivyo basi programu hujaza 500 kimyakimya, pande mbili zikafutana, na onyo lisitokee. Yaani kosa limevaa nguo za usahihi.

Mwongozo ambao binamu yangu alimchapishia mama yake saibakafe ulikuwa umeandaliwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya wanaoanza. Sitautaja kwa jina, kwani walioutunga walifanya wema bila malipo na baadaye waliurekebisha kwa moyo mkunjufu. Mifano yake ilikuwa nadhifu, tarakimu zote zimesimama wima katika safu moja upande wa kulia. Lakini aliyeipanga alikuwa ameibana safu hiyo, bila shaka ili mistari isizidi upana wa ukurasa. Mstari uliokuwa mrefu kuliko yote ulibakiwa na nafasi moja tu, na mistari mifupi ikawa na nafasi tele. Unadhifu wa jicho ulikuwa umeharibu unadhifu wa maana. Shangazi, ambaye kwa miaka yote hiyo amekuwa akinakili tarakimu kwa uangalifu wa mshonaji, aliufuata mwongozo kama ulivyo, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi.

Matokeo yake yalijitokeza katika mkutano wa mwezi wa Aprili. Binamu alichapisha orodha ya masalio, wanachama wakagawiwa nakala. Mahali ambapo pangekuwa na akaunti moja ya sanduku palikuwa na akaunti kumi na moja. Kulikuwa na "Sanduku la Chama 500" lenye salio la 4500, "Sanduku la Chama 300" lenye salio la 1200, na hata "Sanduku la Chama -2000", ambalo lilitokana na mkopo uliotolewa mwezi Machi. Jumla iliyokuwa chini ya ukurasa ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho, lakini hakuna aliyefika chini ya ukurasa. Mama mmoja mtu mzima, miongoni mwa waasisi wa chama, aliishika karatasi yake mbali kidogo na uso akauliza kwa upole, "Mama, sanduku letu ni moja tangu tuanze. Haya mengine ni ya nani?" Shangazi hakuwa na jibu. Aliyewahi kuketi katika mkutano wa aina hiyo anajua kwamba swali la upole huuma kuliko shutuma, kwa kuwa shutuma hujibika.

Niliitwa siku iliyofuata. Binamu alishuku kwamba programu ilikuwa na kasoro, naye shangazi alishuku vidole vyake. "Njoo utusomee, wewe ndiye msomaji wa nyumba hii," aliniambia kwenye simu. Wakati huo nilikuwa nikiandika sura ya tasnifu yangu kuhusu mpangilio wa vipande katika mashairi ya bahari mbalimbali, na mazoea hayo ndiyo yaliyonisaidia. Mwanafunzi wa ushairi hufunzwa mapema kwamba mshororo wa kawaida wa tarbia una mizani kumi na sita, minane ukwapi na minane utao, na kwamba pale katikati pana kituo. Kituo hicho hakitamkwi, hata hivyo ndicho kinachoonyesha kina cha kati kinakaa wapi. Nilipoisoma mistari ya shangazi niliitafuta mipaka kama ninavyoitafuta katika ubeti. Katika mstari mfupi, mpaka ulikuwapo. Katika mstari mrefu, jina na kiasi vilikuwa vimegandana kama mshororo ulionakiliwa na mtu asiyejua mahali pa kupumua. Tulipoufungua mwongozo mkuu wa programu tuliikuta kanuni ya nafasi mbili imeelezwa waziwazi.

Marekebisho hayakuchukua saa nzima. Nafasi moja iliongezwa katika kila mstari uliohusika, na masanduku kumi na moja yakawa moja. Shangazi aliitisha kikao kingine, akaiweka kauntabuku ya zamani kando ya orodha mpya, akawaomba wanachama wenyewe walinganishe mchango kwa mchango. Waliridhika. Hata hivyo, mwanachama mmoja hakurudi tena. Hakumtuhumu mtu; alisema tu kwamba angependa kupumzika. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Nafasi moja tupu, ambayo haina wino wala sauti, ilitosha kumwondoa mtu katika kundi alilokuwa amelitegemea.

Yaliyopita si ndwele, walisema, tugange yajayo. Mimi niliona kwamba kuganga yajayo ni kurudi kwenye chanzo. Sifa kuu ya programu huria ni kwamba msimbo wake na nyaraka zake huwekwa mahali pa wazi. Mtu yeyote anaweza kunakili faili, kulisahihisha, na kuwasilisha pendekezo. Walinzi wa mradi hulisoma, humwuliza maswali, kisha hulikubali au hulikataa. Pendekezo langu la kwanza liliongeza nafasi moja katika mistari sita ya mifano, pamoja na sentensi moja iliyoieleza kanuni. Mlinzi mmoja wa mradi aliniuliza kwa nini sentensi hiyo iwekwe katika ukurasa wa wanaoanza ilhali kanuni imo katika mwongozo mkuu. Nilimjibu kwamba anayeanza huuona mfano kabla ya kuisoma kanuni, na wengi huuchukua mfano kuwa ndio kanuni yenyewe. Baada ya siku chache pendekezo lilikubaliwa.

Tangu hapo nimeendelea na kazi hiyo wakati wa mapumziko ya tasnifu, na nimejifunza kwamba maradhi ya vipande vya msimbo yana aina zake. Kuna maradhi ya viakifishi: programu za kuandikia barua hupenda kupinda alama za mtajo na kugeuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu. Katika riwaya huo ni urembo. Katika amri ya tarakilishi ni sumu, kwa sababu chaguo nyingi za amri huanza kwa vistari viwili, na kistari kirefu hakitambuliki. Kuna maradhi ya alama ya dola: waandishi wengi wa nyaraka huitanguliza mbele ya amri ili kuonyesha mahali pa kuchapa, naye msomaji mgeni huinakili pamoja na amri, tarakilishi ikalalamika. Katika nyaraka za uhasibu utata huu huzidi, maana alama iyo hiyo ni ya fedha. Kuna maradhi ya kuchanganya amri na jibu lake katika kipande kimoja, msomaji asijue aandike nini na asubiri nini. Na kuna maradhi ya kipande kisichotangazwa kuwa msimbo. Ukurasa wa mtandao, usipoamrishwa vinginevyo, hukunja nafasi nyingi zikawa moja na huunganisha mistari ikawa aya. Leja ya mtu hugeuka kuwa hadithi isiyo na vituo. Dawa yake ni ndogo: alama zinazouambia ukurasa kwamba yaliyomo ndani yasiguswe. Lakini sharti awepo mtu wa kuziweka.

Swali la lugha lilijitokeza mapema. Afrika Mashariki si ngeni katika uswahilishaji wa programu. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi kwa Kiswahili, na wengi wa walimu wetu wanaikumbuka hatua hiyo kwa fahari. Mjadala wa wakati ule ulihusu istilahi: je, tuseme tarakilishi au kompyuta, faili au jalada? Kipande cha msimbo huuliza swali la namna nyingine: maneno gani yatafsirike na yapi yaachwe? Katika programu za jamii ya Ledger, majina ya akaunti ni ya mwenye hesabu, naye anaweza kuandika Mali, Mapato, Madeni na Matumizi bila kuomba ruhusa ya mtu. Maelezo yanayotanguliwa na nukta-mkato ni ya wasomaji wa kibinadamu, kwa hiyo yatafsiriwe yote. Lakini neno linaloiamrisha programu kujumuisha faili jingine ni la programu, na ukiligeuza kuwa "jumuisha" programu haitalielewa. Vivyo hivyo desturi yetu ya kuandika 500/= haifai ndani ya kipande hicho, kwa sababu alama ya sawasawa ina kazi yake maalum ya kuthibitisha salio. Mtarajumi asiyejua mipaka hii atatoa tafsiri fasaha isiyofanya kazi. Anayeijua ataweza kumpa mweka hazina wa Kayole au wa Kariobangi mfano unaozungumza lugha yake na bado ukatii kanuni.

Mwenzangu mmoja katika uzamili aliniambia waziwazi kwamba huo ni ukarani, tena ukarani wa bure, na kwamba tasnifu yangu ingekuwa imekamilika. Kuhusu tasnifu alikuwa na hoja. Kuhusu ukarani nilimkumbusha historia ya fani yetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika kwa ajili ya W. E. Taylor, kisha William Hichens akayachapisha mwaka wa 1940. Tunamtaja Muyaka madarasani kila muhula. Sikujua tunamtaja tukipata wasaa. Hati za Kiarabu, kabla ya kurekebishwa zikubali sauti za Kiswahili, zilikuwa zikimwachia mnakili maamuzi mazito, kwani irabu "e" na "i" zaweza kushiriki alama moja, na "o" na "u" vivyo hivyo. Mnakili mzembe aliweza kumpa mshairi neno ambalo hakulisema. Je, huo nao ulikuwa ukarani tu?

Hata katika ushairi wa kisasa suala la nafasi limetushughulisha. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, mgogoro uliofuata ulihusu vina na mizani, lakini ndani yake mlikuwa pia na swali kuhusu namna shairi linavyokaa kwenye ukurasa. Kithaka wa Mberia, katika diwani ya Mchezo wa Karata ya mwaka wa 1997 na Bara Jingine ya mwaka wa 2001, ametuzoeza kuuona mpangilio wa maneno kama sehemu ya ujumbe. Tumeandika makala mengi kuhusu mtindo huo. Tukikubali kwamba nafasi tupu hubeba maana katika diwani, hatuna sababu ya kuidharau katika mwongozo unaotumiwa na mtu kutunza akiba ya majirani zake. Tofauti ni kwamba mhakiki akiipuuza nafasi katika shairi atajibiwa na mhakiki mwenzake katika toleo lijalo la jarida. Ikipuuzwa katika mwongozo, atakayejibu ni mweka hazina, mbele ya wanachama.

Sidai kwamba kila mwanafunzi wa Kiswahili ageuke mtaalamu wa tarakilishi. Mimi mwenyewe siwezi kuunda programu, na kazi niliyoieleza haikunihitaji niweze. Ilinihitaji nisome polepole, nishuku kilicho nadhifu, na nijali mtu atakayesoma baada yangu. Stadi hizo tunazipata katika madarasa ya uhakiki, ya tafsiri na ya isimu matini, kisha tunahitimu tukiulizwa nyumbani Kiswahili kina kazi gani. Napendekeza vyama vyetu vya wanafunzi vitenge alasiri moja katika kila muhula. Kila mshiriki achukue ukurasa mmoja wa mwongozo wa programu huria, aufuate mbele ya tarakilishi kama mtu asiyejua lolote, bila kujaza kwa akili yake pale mwandishi alipoacha pengo. Aandike mahali alipokwama, na sababu yake. Orodha hiyo ipelekwe kwa walinzi wa mradi, ikiambatana na masahihisho.

Nimekuwa nikiulizwa kama kazi hiyo ina mwisho. Nijuavyo mimi, haina. Programu hubadilika, kurasa huhamishwa, na kila anayezihamisha anaweza kudondosha nafasi njiani. Wiki iliyopita nilituma pendekezo jingine, la mistari minne.